Nusu Saa ya Kiingereza

Mzungu wa Nakuru wa siku zile alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata daktari wake hakuujua: ukimsemesha Kiingereza, alikasirika. Si kwamba hakukielewa, maana alinyonya nacho. Alikasirika kwa sababu kimetoka kinywani mwako. Ukimwamkia kwa lugha yake pale mbele ya posta, alikukagua kana kwamba umevaa suruali yake, kisha akakujibu "Jambo!" kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi kwenye maua. Waliamini kwamba Mwafrika mwenye Kiingereza ni mjeuri, na nawajua watu wazima, wenye watoto, walioachishwa kazi kwa kosa la kumtakia bwana asubuhi njema kwa lugha ya bwana.

Kwa hiyo walitusemesha Kiswahili. Nakiita Kiswahili kwa kukosa jina lingine. Kilikuwa na kitenzi kimoja cha kuleta na kingine cha kuondoa, na "hapana" nyingi za kujazia nafasi iliyobaki. Sisi wa bara, ambao watu wa pwani wangetucheka wakitusikia, tulijiona wanazuoni kila Mzungu alipofungua mdomo.

Nayaeleza haya mapema ili uelewe jinsi nilivyoshikwa na wazimu nilipopata fomu kutoka Amerika.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misheni, na bado niliishi na wazazi wangu katika nyumba za reli tulizoziita landi, chumba kimoja na pazia katikati. Baba alikuwa mkaguzi wa breki za mabehewa. Tulikuwa tumetoka magharibi, kama nusu ya majirani zetu, tukifuata reli ilikompeleka. Chuo kimoja kidogo cha wanawake huko Amerika kilikuwa kimesoma barua yangu, kikapendezwa nayo, kikaniandalia nafasi. Nafasi moja. Kilichobaki, walisema, ni jambo dogo tu: kuthibitisha kwamba najua Kiingereza.

Barua niliyowaandikia ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, lakini hilo halikuwatosha. Walitaka mtihani.

Mtihani wenyewe ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuandika, imefungwa ndani ya bahasha yenye nta nyekundu. Ya pili ilikuwa ya mazungumzo, na masharti yake nayakumbuka kama sala. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa, aliyesoma chuo kikuu, asiye mwalimu wa mwombaji wala mchungaji wake, azungumze na mwombaji kwa Kiingereza kwa muda usiopungua nusu saa, kisha athibitishe kwa sahihi yake. Fomu iwekwe posta kabla ya mwisho wa mwezi. Isipofika, nafasi angepewa aliyenifuata kwenye orodha, msichana wa nchi nyingine ambaye sikumjua na ambaye nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Baba alinitaka nimsomee masharti hayo mara mbili, nikiyageuza Kiswahili. Alikuwa ameshawatangazia landi nzima kwamba binti yake anakwenda Amerika, na mama mmoja wa nyumba ya nne alikuwa ameshatuletea kuku wa pongezi, tukamla. Alikuna kidevu.

"Mama," aliniambia, maana nilipewa jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "hawa watu wa Amerika hawajafika Nakuru."

"Hawajafika, baba."

"Nusu saa? Mimi nimefanya kazi na Wazungu miaka kumi na tisa. Ukiunganisha Kiingereza chote walichoniambia, hakijai dakika moja. Na hiyo ni matusi ukihesabu."

Alicheka, lakini aliingia nyuma ya pazia mapema siku hiyo, na nilimsikia akimwambia mama kwamba yule kuku amemkaa kooni.

Sehemu ya kuandika niliifanya kwa afisa wa elimu, kijana wa Kiingereza mwenye magoti mekundu na soksi ndefu. Alinikalisha kwenye meza ya karani wake, akavunja nta, akaweka saa yake mbele yangu. "Wewe andika. Mimi taangalia saa. Hapana angalia dirisha." Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimeelewa, akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akijikwaa.

Nilifunua karatasi. Kumbe hakuna kuandika chochote. Kila swali lilikuwa na majibu manne, nawe kazi yako ni kuchora duara kwenye herufi. Miaka saba nimefundishwa kuandika sentensi kamili, yenye kichwa na mkia, na sasa ninapimwa elimu yangu kwa viduara. Na maswali yenyewe! Palikuwa na habari ya mtu aliyesahau kofia yake kwenye treni inayopita chini ya ardhi. Palikuwa na mchezo wa mpira ambao mchezaji akishaupiga anakimbia mpaka arudi alipoanzia, na swali lilitaka kujua kwa nini watu wanafurahi. Palikuwa na familia inayokwangua theluji mlangoni asubuhi. Nilichora viduara vyangu kwa imani. Nilipomsimulia baba habari ya treni ya chini ya ardhi alikataa katakata. Treni, alisema, haiwezi kuingia ardhini isipokuwa imepinduka, na hapo mtu hatafuti kofia.

Lakini nilijua nimefaulu. Mtu anajua. Niliyekuwa na deni naye kwa hilo ni mmisionari mmoja mzee, mwanamke wa Uskoti, aliyenifundisha tangu nikiwa mdogo kwa rula na biskuti, rula ikiwa nyingi zaidi. Yeye peke yake, katika Wazungu wote niliowahi kuwaona, alikataa nimsemeshe lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Hata nikilia alitaka nilie kwa Kiingereza. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hata angekuwa hai, sharti la fomu lingemkataa: alikuwa mwalimu wangu.

Nilimwomba yule afisa anifanyie na mazungumzo. Alikuwa amesoma chuo kikuu, cheti kilikuwa ukutani nyuma yake.

"Hiyo hapana kazi ya mimi," alisema, akifunga bahasha. "Mimi serikali. Serikali hapana zungumza." Kisha akaandika kikaratasi cha kunipeleka kwa mke wa mkulima mmoja upande wa Bahati, mama aliyewahi kusoma chuo kikuu huko kwao, na ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa na moyo mzuri kwa watu weusi.

Nilikwenda Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa. Kutoka barabara kuu hadi nyumba ile ni mwendo wa saa nzima kati ya mashamba ya pareto, na nilivaa viatu vyangu vya Jumapili mkononi, nikavitia miguuni karibu na lango. Nilikwenda mlango wa mbele, kama mtu aliyealikwa. Mbwa alinieleza kosa langu. Mpishi alinizungusha hadi mlango wa jikoni, akaniambia nisubiri pale kwenye ngazi, pembeni ya karai la maganda ya viazi.

Memsahib alitoka na kikaratasi cha afisa mkononi. Alikuwa mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, na uso wake haukuwa mbaya. Nilimwamkia kwa Kiingereza bora kabisa nilichokuwa nacho. Nilimshukuru kwa kukubali kunipokea, nikamweleza kwamba nimekuja kwa ajili ya yale mazungumzo.

Aliinua kiganja kama askari wa barabarani.

"Hapana, hapana. Sema Swahili. Mimi nasikia Swahili mzuri sana."

Nilimpa fomu. Aliisoma kwa makini, tena kwa heshima, nadhani kwa sababu ilikuwa imepigwa chapa vizuri. Chini yake palikuwa na orodha ya mambo ya kuzungumza ili kumsaidia mpimaji: hali ya hewa, jamaa, kitabu ulichosoma karibuni, sababu ya kutaka kusoma. Akayafuata moja moja, kwa haki, bila kuruka hata moja. Yote kwa Kiswahili chake.

"Mvua nakuja, hapana kuja?"

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba mawingu ya upande wa Menengai yanaahidi mengi na kutoa machache.

"Swahili," alisema, bila ukali. "Mama yako iko? Baba yako nafanya kazi gani? Kitabu gani nasoma? Iko picha ndani?"

Kila nilipojaribu Kiingereza kiganja kilipanda. Mwisho nikachoka, nikamjibu Kiswahili, na hapo akaanza kukunja uso, kwa sababu Kiswahili changu hakukielewa. Nilitumia vitenzi vingi mno. Nilipomwambia kwamba ningependa kusomea ualimu ili nirudi kuwafundisha wengine, alimgeukia mpishi amfasirie, na mpishi, ambaye alimjua mwajiri wake vizuri, akamwambia: "Nataka soma. Halafu narudi."

"Ah! Mzuri," alisema memsahib.

Nusu saa ilitimia. Alichukua kalamu, akaiweka juu ya mstari wa sahihi, kisha akasita. Alikuwa mtu wa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na balaa yangu. Mwongo angeweka sahihi, mambo yakaisha.

"Hapa nauliza kama wewe najua Kingereza," alisema. "Mimi hapana weza andika. Wewe iko mtu mzuri, lakini Kingereza yako mimi hapana sikia."

Akanirudishia fomu ikiwa tupu. Akamwambia mpishi anipe chai. Niliikataa chai, na nilishuka lile shamba nikiwa nimevaa viatu vyangu vya Jumapili hadi barabarani, kwenye tope, kwa hasira tupu.

Sikumwambia baba ukweli. Nilimwambia memsahib hakuwepo. Alitikisa kichwa, akasema Wazungu huwa wanasafiri sana, kisha akatoka kwenda kuwaeleza majirani kwamba mambo ni ya Jumatatu ijayo. Ilibaki wiki moja na siku chache mwezi uishe. Nilifikiria kwenda kwa meneja wa kiwanda cha unga, kwa daktari, kwa bwana wa benki. Kila niliyemfikiria nilimsikia akilini mwangu akisema "Jambo" lile la mbuzi.

Jumamosi nilikuwa nikimsaidia Mhindi mmoja mwenye duka la vyakula na vitambaa. Wazungu wa mashambani walipiga simu kuagiza vitu, naye alitaka mtu wa kuandika majina ya makopo bila kukosea. Simu aliijibu yeye mwenyewe siku zote. Lakini Jumamosi ile alikuwa amekwenda nyumba ya nyuma kula, simu ikalia, ikalia tena, na mimi nikainua mkono wa simu na kusema kwa Kiingereza jina la duka na habari ya mchana, kama alivyonifundisha mwalimu wangu wa Uskoti, na kwa sauti yake, maana sikuwa na nyingine.

"Oh," ilisema sauti upande wa pili, kwa Kiingereza. "Hatimaye mtu wa kuongea naye!"

Niliitambua kabla hajamaliza. Alikuwa ni yeye.

Nilingoja aseme "hapana", lakini hakusema. Aliagiza sukari, hamira, na makopo mawili ya jemu ya machungwa, akauliza kama mimi ni mgeni pale dukani. Nikasema ndiyo, kiasi. Akauliza kama natoka Uskoti. Nikasema mwalimu wangu ndiye aliyetoka huko. "Inasikika," alisema, akacheka vizuri, na akaanza kunilalamikia mvua. Mawingu ya upande wa Menengai, alisema, yanaahidi tu. Nikamwambia nakubaliana naye kabisa.

Tuliongea kama dakika kumi. Sikumdanganya hata kidogo. Hakuniuliza rangi yangu, nami sikuona sababu ya kuitaja kwenye mazungumzo ya jemu.

Mhindi alirudi akijipangusa mdomo, akanikuta nimesimama na mkono wa simu kifuani. Nilimweleza yote: fomu, ngazi ya jikoni, kiganja. Alisikiliza huku akipanga vibiriti, kisha akasema, "Jumamosi ijayo atapiga tena. Huyo hupiga kila Jumamosi, na mimi namkatiza kwa sababu maneno yake hayaishi." Akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, saa ya ukutani iko hapo. Inakimbia mbele dakika mbili, ujue."

Wiki ile nilifundisha wanafunzi wa kuwaziwa tu, shule zikiwa bado zimefungwa. Nilizunguka landi nikinong'ona habari za waridi, za hamira, za bei ya pareto, nikimkosesha mama raha. Nilijiambia kwamba ni haki yangu. Nusu saa ni nusu saa, na hakuna mahali fomu iliposema lazima mtu aonekane.

Jumamosi simu ililia saa saba na robo. Mhindi alinisukumia kiti, akaenda kusimama mlangoni, na kila mteja aliyekuja alimwambia duka limefungwa kwa sababu ya panya.

Alianza na waridi. Nikamuuliza kama ameshayapogoa. Akasema mtunza bustani wake ni mjinga, na mimi, Mungu anisamehe, nilisema "Pole sana" kwa Kiingereza laini. Tukaongea kuhusu vitabu. Tulikuwa tumesoma kimoja wote wawili, na tulibishana kuhusu mwisho wake, naye akapandisha sauti kwa furaha, akisema hajabishana na mtu tangu Pasaka. Dakika kumi na tano. Ishirini. Nilimtazama Mhindi, akanionyesha vidole kwamba niongeze zile mbili.

Halafu sauti yake ikawa nyingine.

Akaniambia ana mtoto mmoja wa kiume, aliyepelekwa Uingereza kusoma akiwa na miaka minane. Mwaka huu alifanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, kile kile alichosoma baba yake, na alifeli. Hajaandika barua tangu hapo, miezi mitatu sasa. Mumewe amesema jina lake lisitajwe mezani mpaka atakapojitengeneza. Yeye amepata barua moja tu, ya mwalimu wa shule, inayosema kijana hali vizuri na halali. "Sijui kwa nini nakwambia wewe," alisema. "Hata hatujaonana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hamira. Kwa hili sikujiandaa. Niliisahau saa, na nasema hivi nikijua kwamba nina kila sababu ya kuongopa. Nilimwambia kwamba mwalimu wangu wa Uskoti alinisimulia jinsi alivyofeli mtihani wake mara mbili, na kwamba mara ya pili hakuna mtu nyumbani kwao aliyemwandikia, kila mmoja akingoja yeye aanze. Aliukumbuka ukimya ule kwa miaka hamsini, lakini maswali aliyoyafeli alishayasahau. Nilimwambia mtoto aliyefeli haandiki kwa sababu hajui kama bado anangojewa. "Mwandikie wewe kwanza," nilisema. "Usitaje mtihani. Mwambie habari za mbwa."

Alilia kidogo kwenye simu, kwa adabu, akiuweka mkono wa simu mbali. Aliporudi alinishukuru. Akasema lazima nije kunywa chai, atanionyesha waridi. Kisha akaaga.

Nilipoinua macho, saa ilikuwa imepita dakika arobaini. Mhindi alinimiminia chai na kuwafungulia watu duka.

Jumapili nilikwenda Bahati. Njia nzima nilikuwa watu wawili, mmoja akisema rudi nyumbani, mwingine akisema kesho Jumatatu ni siku ya posta. Wa pili ndiye aliyekuwa na viatu. Nilifika, nikazunguka jikoni bila kuambiwa, na mpishi akamwita.

"Wewe tena," alisema memsahib. "Mimi nasema hapana weza."

Nilimjibu kwa Kiingereza, na safari hii kiganja kilipopanda sikunyamaza. Nilimwambia kwamba tumekwisha kuzungumza, jana, dakika arobaini, na nimekuja kuomba sahihi yake.

"Nani? Mimi hapana zungumza na wewe jana."

Nikamtajia kitabu. Nikamtajia mwisho wake na jinsi alivyoutetea. Alinitazama mdomoni, kama anayetafuta waya mahali fulani. Akasema, kwa Kiswahili bado, kwamba mimi ni mtumishi wa duka, nimesimama nyuma ya ile memsahib mpya anayejibu simu na kusikiliza maneno ya wakubwa. Akataka kujua ile memsahib iko wapi, aseme naye.

Ningeweza kumwambia mambo mengine. Waridi, Pasaka, jemu. Yangetosha, pole pole. Lakini nilikuwa nimetembea kwenye tope mara mbili, na nilikuwa nimesimama tena kando ya karai lile, na mpishi alikuwa akinitazama, na nilitaka aumie. Nikamwambia, mbele ya mpishi, kwa sauti ya mwalimu wangu: "Natumaini umemwandikia mwanao, mama. Natumaini hukutaja mtihani."

Mpishi hakuelewa Kiingereza, au alijifanya haelewi, lakini alielewa uso. Aliokota karai akaenda nalo nyuma.

Memsahib aliketi kwenye ngazi. Alikuwa mweupe hata kwa Mzungu. Nilingoja hasira, nilikuwa na jibu la hasira. Badala yake alinyoosha mkono, nikampa fomu, nikampa na kalamu yangu. Aliandika polepole juu ya goti. Kwenye muda akaweka dakika arobaini. Mahali pa maoni aliandika mstari mmoja, ambao niliusoma kichwa chini: kwamba nazungumza Kiingereza kikamilifu, na kwamba alinidhania kuwa mmoja wao. Akatia sahihi.

Alipousoma mstari ule mara ya pili, niliona midomo yake ikitaka kusema jambo. Aliniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja, na akanisemesha Kiingereza. Aliniuliza kwa unyenyekevu kabisa kama nilimaanisha nililosema jana. Kwamba aanze yeye. Alisema ameandika barua, iko ndani mezani, ila anaogopa kuituma. Aliuliza kama mimi, katika nafasi yake, ningeituma.

Fomu ilikuwa mkononi mwangu, wino haujakauka. Nilikuwa nimethibitishwa.

"Mimi hapana fahamu, memsahib," nilisema.

Nilimwona akilipokea lile neno. Alinyanyuka, akashika nguzo ya mlango, akaingia ndani.

Chuo kilinipokea. Baba alinisindikiza hadi stesheni akiwa amevaa koti la harusi yake, landi nzima ikaimba, na mama wa nyumba ya nne akaleta kuku mwingine. Huko Amerika nilipanda treni ya chini ya ardhi na nikamwandikia baba kwamba ipo, wala haijapinduka. Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kwenye karamu, na nilikuwa naishia hapo kwenye "hapana fahamu", watu wakicheka hadi kushika mbavu. Huwa sisemi kwamba jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimekwisha kulifikiria njiani, kwa Kiingereza kizuri: ndiyo, mama, itume leo.

Sijui kama aliituma.